Malazi ya Timu Kilifi

Jumatatu nilikuwa kwenye dirisha la karani wa chuo kimoja hapa Malindi, nikilipa karo ya binti yangu. Mbele yangu alisimama mwalimu wa mpira wa wasichana, kofia mkononi.

"Basi limepanda, malazi yamepanda, hata mipira imepanda," karani alimwambia bila kuinua macho. "Mwaka huu mashindano ya Kilifi hamwendi."

Mimi roho iliniuma, maana kipa wa timu hiyo ni binti yangu.

Mama aliyekuwa akipiga deki akasita. "Samahani, mwalimu. Hao wasichana ni wangapi?"

"Kumi na sita, mama."

"Kwetu ni Kilifi. Pana sebule na ua, na mikeka nitaazima kwa majirani. Nauli tafuteni nyinyi."

Hapo karani akainua macho. Akachukua kalamu, akalifuta neno "malazi" kwenye ombi la mwalimu, akatia sahihi.

Timu ilikwenda, ikafungwa mabao matatu. Binti yangu alirudi akihadithia wali wa nazi tu.

Wenye makampuni sisi wazazi tuliwaandikia barua za kuomba msaada, mpaka leo kimya. Mama huyu hakuandikiwa na mtu. Nilipomwendea kumshukuru, alicheka akajifunika mdomo kwa leso.

"Baba, hata mimi usichanani nilikuwa nautaka kuucheza huo mpira."