Kivumbasi cha Mama

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Mji Mkongwe kulikuwa na jina moja lisilotajwa. Lilikuwa la baba yangu, Salum. Alichukuliwa na askari miezi michache baada ya Mapinduzi, asirudi. Mama akawa halali, hali, na humwuliza kila apitaye barazani habari za mumewe.

Kuuliza huko ndiko kulikomkera ami yangu, mdogo wake Baba, bwana mwenye kanzu safi na woga wa kunguru. Akatuletea mganga kutoka Kidichi, mzee aliyemaliza kwanza biriani yetu ndipo akakumbuka kumtazama mgonjwa. Akasema Mama ana shetani wa huzuni. Achemshiwe majani ya kivumbasi, anywe asubuhi na jioni, roho itatulia. Ila asilitaje jina la mumewe, maana akilitaja tu, shetani atamhamia mtoto.

Mtoto ndiye mimi, na niliamini. Mama akanyamaza kwa ajili yangu. Alikunywa kivumbasi, na kweli akaanza kupata usingizi. Ami akazunguka mtaa mzima akijisifu kwamba amemtuliza shemeji yake, na wapumbavu wakampongeza.

Kisha nikashikwa na homa kali, ilhali Mama hakuwa amelitaja jina hata mara moja. Ami alipokuja kunitazama, alikikuta kikombe cha jioni hakijaguswa, akamhimiza Mama anywe. Mama akamsogezea yeye.

"Kunywa wewe, shemeji. Mie nna huzuni tu. Mwenye khofu ni wewe."

Akanigeukia. "Babako anaitwa Salum. Ukiulizwa, sema."

Ami hakunitazama kuona kama shetani amenipanda. Alikimbilia kufunga dirisha.

Homa yangu iliondoka kwa vidonge vya hospitali. Kivumbasi ninacho mpaka leo, nimekipanda kwenye kopo uani. Nikielemewa na mambo nakichemsha, na hunituliza. Jani halina kosa lolote. Ninaowadharau ni ami yangu na mganga wake, na kufa kwao hakujanipa sababu ya kuacha kuwadharau. Walichukua kitu cha kumpumzisha mwenye machungu, wakakifanya kizibo cha mdomo wake.

Mama alikinywa mpaka mwisho wa maisha yake, na mpaka mwisho aliuliza. Baba hakurudi. Mwanangu wa kwanza nimempa jina la Salum, na nikimwita humwita kwa sauti, madirisha yote yakiwa wazi.