Mikono ya Shekinah

Shekinah anasuka nywele hapa Fordsburg, huku ugenini kusini kabisa mwa Afrika; kibanda chake na changu vimetenganishwa na pazia tu. Mimi Kidawa, mtu wa Tanga, nauza udi na madera. Yeye ana viti viwili na kioo. Ni Mkongo wa Bukavu, mpole hadi anakera. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayekuomba radhi. Wateja wake wote ni wanawake wa kanisa lake, na kodi ya kibanda inatoka vichwani mwao.

Kanisani kwao, kila Jumapili majina ya waumini wa kuombewa hutolewa kwenye kompyuta yakaonyeshwa ukutani. Mtunzaji wake ni Cédric, mlinzi wa geti huko Sandton kwa matajiri, aliyejifunza kompyuta zamu zikiwa kimya. Juzijuzi akayahamishia majina kwenye programu mpya. Jumapili ile ukutani pakatokea ThÃ©rÃ¨se, AndrÃ©, EzÃ©chiel. Mama Thérèse, kiongozi wa wanawake, akapiga yowe: "Banatufunga majina! Ni uchawi!"

Wakafunga kula, wakakesha wakiomba, majina yako vilevile. Ndipo mtu akauliza: je, jina la nani limebaki zima? Yalikuwepo kadhaa, ya wanaume na watoto, lakini nani aliyeyataka hayo? La Shekinah nalo lilikuwa zima, na Shekinah ndiye anayeshika vichwa vyao na kufagia nywele zao. Basi, mchawi kapatikana.

Viti vikabaki vitupu. Mwenye nyumba akaanza kupita pita akiulizia kodi. Nikisikia kilio nyuma ya pazia, damu inanichemka.

Nikamkamata Cédric pale kwenye robot, taa za kuongozea magari, nikamshika shati.

"Wewe baba, umeifanya nini kompyuta ya watu?"

"Dada Kidawa, pole pole! Faili ya zamani iliandikwa kwa namna moja, programu mpya inaisoma kwa namna ingine. Herufi yenye alama ya Kifaransa inavunjika vipande viwili. Jina la Shekinah halina alama, njo maana likapita salama."

"Umelijua hilo tangu lini?"

Akatazama viatu vyake. "Tangu Jumapili ya kwanza. Lakini balishaanza kufunga. Ningewaambia nini?"

Hoo! Na kumbe maombi yenyewe aliyaongoza yeye! Nikamwambia Jumapili aseme ukweli mbele ya wote, la sivyo nitausema mimi.

Jumapili iliyofuata nikaenda kanisani na mtandio wangu, nikakaa nyuma. Cédric alikuwa ameielekeza programu namna sahihi ya kuisoma ile faili, akaingiza majina upya. Thérèse akatokea ukutani mzima, na vialama vyake vyote. Cédric akashika maikrofoni, jasho linamtoka.

"Kosa ni langu. Ni kompyuta tu, si uchawi."

"Amina!" likajibu kanisa.

"Shekinah hana kosa!"

"Amina! Shetani ashindwe!"

Mama Thérèse akamkumbatia Shekinah huku akilia: "Binti yangu, umefunguliwa!" Wakamwekea mikono. Kosa hana, msamaha kapewa. Nilitaka kucheka na kumpiga mtu kibao, vyote kwa pamoja.

Tangu siku hiyo foleni yake inafika hadi kwenye udi wangu. Eti mikono iliyoombewa inasuka vizuri zaidi. Kodi kalipa.

Jana kaja Mama Thérèse mwenyewe. Akasukwa, akajigeuza geuza kiooni, akamwita Shekinah malaika. Kisha akapiga magoti, akaokota nywele zake zote sakafuni, hadi zilizonasa kwenye kitana, akazifunga katika mfuko wa plastiki na kuutia mkobani. Shekinah akamwinulia kiti, asije akabakisha hata unywele mmoja.