Kiti cha Kukoholea

Mtaani walimwita Bi Dozi, kwa sababu hakuwahi kumkabidhi mtu dawa bila kumrudia maelezo mara tatu, hata kama mtu mwenyewe ni daktari. Duka lake la dawa lilikuwa chumba kimoja, chenye kaunta ya kioo na mlango uliogoma kufunguka siku za mvua. Kwa miaka kumi na tisa aliyosimama nyuma ya kaunta ile, kitu kimoja tu kilimnyima raha: dawa ya kikohozi ya maji, ile inayolewesha. Wengine waliinywa kwa kijiko. Wengine waliinywa kama soda.

Fundi saa wa mlango wa pili alikuwa wa soda. Mtu mzima, ana mvi, ana mke. Siku moja alisinzia na lenzi yake jichoni, mteja kasimama mbele yake, saa zote za ukutani zikagonga sita kwa mkupuo asitikisike. Mkewe alikuja akaegemea kaunta. "Dada, nakuomba usimuuzie." Bi Dozi akaacha kumuuzia. Fundi akawa ananunua mtaa wa pili.

Kwa hiyo waraka wa serikali ulipotoka, Bi Dozi aliupokea kwa mikono miwili. Mtu mmoja, chupa moja, kwa wiki mbili. Jina liandikwe kitabuni. Na, kifungu cha nne, muuzaji ajiridhishe kwamba mnunuzi anakohoa. Ajiridhishe vipi, haikusemwa. Bi Dozi, ambaye mambo nusunusu hakuyaweza, akaleta kiti kutoka nyumbani akakiweka katikati ya duka. Anayetaka dawa akae, akohoe.

Ikawa shida juu ya shida. Wagonjwa wa kweli waliona haya. Mwalimu mmoja alikaa wima kama msumari, hata kuguna hakuguna. Alipotoka nje tu kikohozi kikampeleka mbio hadi kona. Fundi saa, yeye, alikaa, akashika kifua, akakohoa kwa uchungu hadi mama mmoja kwenye foleni akajifuta machozi. Bi Dozi alimjua fika, lakini waraka ulikuwa waraka. Akampa chupa, moyo ukimuuma.

Akaja mama mkwe wake.

"Kaa hapo ukohoe, mama."

"Mwanangu, si unanisikia kila siku? Tunatenganishwa na ukuta."

"Mimi nakusikia. Kitabu hakijakusikia."

"Nikohoe mbele za watu, na umri huu? Bora nife nacho."

Fundi saa, aliyekuwa bado anapiga soga mlangoni, akaingilia kwa adabu. "Mama asisumbuke. Nitamkoholea."

Bi Dozi aliusoma waraka mwanzo hadi mwisho, akaugeuza nyuma. Hakuna palipokatazwa. Basi bibi akakaa kitini, mkoba mapajani, fundi akasimama nyuma yake akamkoholea vizuri sana. Kitabuni ikaandikwa: *kwa niaba*.

Habari zikasambaa. Mwalimu akarudi, akakoholewa. Wenye haya wote wakaja, na kila mmoja alimwachia fundi funda moja la dawa kama shukrani. Saa za watu zikalala bila kutengenezwa.

Ndipo akaja mkaguzi. Akapitisha kidole kitabuni. "Huyu mtu mmoja amekohoa mara thelathini na moja?"

"Thelathini ni za wengine, bwana mkaguzi. Yake ni moja tu."

Mkaguzi akataka asikie mwenyewe. Fundi akaitwa, akakaa, akafungua kinywa. Kikatoka kikohozi cha kuvunja mbavu. Mkaguzi akabadilika uso. "Mpeni huyu chupa mbili. Kwa idhini yangu."

Bi Dozi akaziweka kauntani. Fundi akazitazama, asizichukue.

"Mimi sikohoi," akasema.

"Mzee, nimekusikia kwa masikio yangu," mkaguzi akasema.

"Sikohoi, bwana. Tangu nizaliwe sijapata kukohoa. Naipenda tu hii dawa, na sasa siwezi kuiacha."

Mkaguzi hakuamini. Alisema katika kazi yake yote hajaona mgonjwa kama yule, akaandika *kikohozi kikali, kifuatiliwe*, akaenda zake.

Bi Dozi alizirudisha chupa kabatini, akafunga duka mchana kweupe, akamwita mke wa fundi. Wakatembea watatu hadi hospitali. Muuguzi wa mapokezi akauliza mgonjwa ana nini.

"Hakohoi," akajibu Bi Dozi.

Muuguzi akatua kalamu. Ilichukua muda kumweleza, na fundi mwenyewe ndiye aliyemaliza maelezo, kwa sauti ndogo, mkewe akimshika kiwiko. Akapangiwa siku ya kuanza tiba. Siku hiyo hakwenda. Iliyofuata alikwenda, akaruka moja, akaenda tena. Mkewe alisema hayo yanatosha kuanzia.