Jiko ya Kuni Waliniwekea Bure

Fundi akikuambia kazi yake ni bure, muogope kuliko mwizi.

Ile jiko ya chuma muzungu wa shamba aliacha, niliita fundi Papa Bahati aiweke kwangu. Nilijua atataka mbuzi ya malipo.

"Hapana, kaka, ni bure. Siku nikiona moshi yenu inapanda, nitakuya tu kuonja."

Kuonja! Nikamuangalia sana. Lakini bibi yangu alishafurahi, nikamuacha aanze kazi.

Akaweka tiyo, bomba ya moshi, inatoka mu ukuta, inapanda kupita paa. Zamani moshi yetu ilikuwa inajificha mu manyasi ya nyumba. Sasa inasimama juu kama muntu anaita wageni.

Na Papa Bahati anakaa mulima ya ngambo. Mulango yake inaangalia kwetu.

Asubuhi, moshi. Papa Bahati huyu hapa.

Mangaribi, moshi. Papa Bahati na sahani yake.

Leo nikasema basi, jiko ilale baridi. Bibi akapika maharagi nyuma ya nyumba, juu ya mawe matatu, na kuni kavu kabisa. Moshi ya kukohoza hata kuku haikuwa. (Semeni wenzangu, nilikosea?)

Tunapakua, nasikia: "Hodi!"

"Kaka, tangu asubuhi sioni moshi. Nikajua jiko imeharibika. Nimekuya kutengeneza."

Akashika chuma. Baridi. Akanusa. Akaangalia chungu yetu.

"Jiko iko muzima," akasema, anavuta kiti. "Na hii safari ya leo pia, kaka, ni bure."