Mtoto wa Mshona Kofia

Harufu ya oili iliyoungua ilitufikia hadi jikoni kutoka gereji za mtaa wetu wa Buyenzi, ikachanganyika na ya vitunguu vilivyokuwa vikikaangwa. Ndani ya harufu hiyo Mama alitusomea, mimi na dada yangu, riwaya ya zamani ya Kifaransa, aliyopewa na mwalimu wake alipomaliza shule. Aliutazama ukurasa, akausoma kimoyomoyo, kisha akatusimulia kwa Kiswahili huku mwiko ukiwa mkononi. Ilihusu mjane mshona kofia na mwanawe mmoja. Siku moja yule mtoto alishikwa na homa kali, nami nikaacha kuchambua mchele nikisubiri. Mama alifunua ukurasa, akafunua na mwingine, akasema homa ilishuka alfajiri. Baadaye mtoto alikua, akajifunza ufundi, akafungua gereji. Sikujiuliza gereji ilitoka wapi katika mji wa magari ya farasi.

Msimu huohuo wa mvua Mama aliugua, akafariki kabla hatujafika mwisho wa kitabu. Nilikuwa na miaka tisa. Wanawake walijaa nyumbani, wakasoma dua, wakapika, na mimi nilikaa mkekani nikitazama miguu yao ikipita. Sikulia. Walisema mtoto bado haelewi. Nilielewa, ila hakuna kilichosogea ndani yangu.

Baada ya arobaini, mjomba wangu, kaka yake Mama, alileta kaseti ya filamu iliyotengenezwa kutokana na riwaya ile, akidhani itatuliwaza. Tulikaa sebuleni mchana, mapazia yameshushwa: yeye, mimi na dada yangu Zuhura, aliyekuwa tayari sekondari. Mjane wa kwenye filamu alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye nywele za rangi ya majani makavu. Wangu, wa kichwani, alikuwa na mabega ya Mama na kitenge chake. Nilivumilia. Kisha homa ikaja, na kabla hakujapambazuka wakamfunika mtoto shuka usoni.

"Wamekosea," nilisema. "Ule mutoto alipona."

"Filamu ni vile, mama," mjomba alinijibu kwa upole. "Wanabadilishaka."

Zuhura hakuondoa macho kwenye televisheni. "Apana. Mi nilisomaka kitabu. Na mu kitabu anakufa. Ni Mama alikuwa anamuponyesha."

Mjomba aliuliza kama azime. Nikasema apana. Tulitazama mpaka mwisho, kisha Zuhura akaleta wali na maharage, tukala.

Leo ninaishi mtaa wa Kinindo, mbali na gereji, na riwaya ile nimeisoma yote. Filamu iliiheshimu kuliko nilivyotaka. Iliacha ugomvi wa ndugu na safari ndefu ya katikati, lakini kifo cha mtoto ilikifuata hatua kwa hatua, hata shuka. Juzi mwanangu alitazama toleo jipya la filamu hiyo kwenye simu, akaniuliza kama kitabu kinaisha vilevile. Nikamwambia ndiyo.

"Basi sina haja ya kukisoma."

Nilimjibu ni sawa, naye akafungua filamu nyingine. Utotoni mwangu kulikuwa na mtu aliyesimama kati yangu na ukurasa, akaamua nani abaki hai. Wanangu wanafikiwa na kila kifo moja kwa moja, wakiwa wamelala kwenye kochi, na mimi niko chumba kilekile.