Mwatumu Alivyokwenda Nice Kutafuta Mama

Watu wa Sharpstown, mtaa wetu hapa Marekani, walisema Mwatumu amekwenda Ufaransa kula raha. Waache waseme. Mimi ndiye niliyempeleka uwanja wa ndege, na najua alichokifuata: alikwenda kutafuta mama.

Wa kwake alifariki Korogwe mwaka 2013, na Mwatumu hakumzika. Makaratasi yake yalikuwa bado yanashughulikiwa. Angetoka Marekani asingerudi. Alikaa matanga peke yake sebuleni siku tatu, simu kaiegemeza kwenye chupa ya chai asikie dua. Siku ya nne akaenda Missouri City kumwogesha mama wa mtu mwingine, maana ndiyo kazi yake, kuhudumia wazee majumbani.

Kazini alikuwa na rafiki mmoja, Matumaini, Mkongo wa Bukavu. Mama yake Matumaini anaishi Nice, Ufaransa, mji wa pwani, kwa mwanawe Placide. Kila Jumapili Matumaini akipiga simu, bibi huyo humuulizia Mwatumu, humwita mtoto wangu, humwambia njoo tuonane kabla sijafa. Maneno ya simu, mimi ningeyaacha kwenye simu. Mwatumu aliyameza mazima. Pasipoti ya Kimarekani ilipotoka, mwaka 2018, hakwenda Korogwe kutazama kaburi. Alikata tiketi ya Nice.

Walimpokea vizuri, siwasingizii. Mke wa Placide alimpikia sombe, kisamvu cha kwao, watoto wakahamishwa chumba. Nyumba iko ghorofa ya nne, haina lifti, na bibi hajashuka chini miaka miwili. Bahari anaiona kipande tu, katikati ya majengo mawili. Mwatumu alikaa naye hapo dirishani siku mbili nzima, akasimuliwa habari za Bukavu mpaka akawajua majirani kwa majina. Aliniambia hakuangalia saa hata mara moja.

Siku ya tatu mke wa Placide alitoka mapema. Bibi akasema leo ataogeshwa na Mwatumu. Usilione dogo hilo. Mwanamke wa umri ule huogeshwa na binti yake au mkwe wake, mgeni hata mlango wa bafu haukaribii. Mwatumu akatengeneza maji, akayapima kwa kiwiko, akamfunika bibi taulo mabegani asishikwe na baridi. Kisha akafungua mkoba, akatoa glavu, akazivaa. Hakufikiri. Miaka kumi na mmoja anafanya hivyo. Kwa wazee wake wa kazini, ukigusa mtu bila glavu umefukuzwa.

Bibi aliitazama ile mikono.

"Mtoto wangu, niko na ugonjwa gani?"

Mwatumu akazivua mbio, akaomba radhi, akaeleza masharti ya kazi, akaeleza tena. Bibi akasema haina shida. Akajifunga kitenge chake, akasema maji yamwagwe tu, atamngoja mke wa Placide jioni.

Afadhali angenuna, angeombwa msamaha yakaisha. Lakini siku zote zilizobaki alikuwa na adabu kupita kiasi. Asubuhi alimuuliza kama amelala vizuri. Alimkataza kuosha hata kikombe. Akamwambia Placide ampeleke mgeni akaone bahari, na Mwatumu akapelekwa, akaachwa hapo saa nne nzima, kakaa juu ya kokoto na viatu vyake miguuni, katikati ya Wazungu waliolala nusu uchi, hana wa kumwambia hata jua kali.

Siku ya kuondoka bibi alimshika mkono, akaupigapiga.

"Wazee yako ya kule Amerika wako na bahati. Kazi yako unaijua."

Niliuliza alijibu nini. Asante, mama, basi. Matumaini hakuambiwa kitu, na sasa Jumapili akipiga simu kwao, Mwatumu keshajitafutia shifti.

Siku aliporudi, tukiwa bado garini, tunatoka uwanja wa ndege, nilimwambia aache kulilia mama za watu, mwakani aende Korogwe.

"Kwa nani, dada?" akaniuliza.

Nikaendelea ku-drive.