Mizizi Isiyosuguliwa

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, mke alimgombeza mumewe kwa ajili ya kikombe. Mzee alikuwa amekisuuza na kukirudisha kabatini. Mkewe akakitoa, akakiinua dirishani penye mwanga, akakichungulia ndani kama fundi saa.

"Hiki umekiosha, au umekisalimia tu?"

"Nimekiosha."

"Umekisalimia. Hiki ni kikombe, mzee, si mzizi."

Akakiosha upya, akamimina chai, wakanywa. Mke mguu wa kulia aliunyoosha juu ya kigoda, maana paja lilikuwa likimsumbua kwa muda. Alipoinuka kwenda kazini, mfupa ukavunjika. Hakujikwaa. Ulivunjika kwanza kama kijiti kikavu, ndipo akaanguka.

Maneno yale ya kikombe na mzizi yana kisa chake.

Kazi ya mama huyu ilikuwa kuosha mizizi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na maabara ya watafiti waliokuwa wakitafuta kwenye mimea dawa ya saratani ya mifupa. Yeye alikaa bombani nyuma ya jengo, na makarai yake na brashi, akiosha mizizi ya kichaka kimoja chenye maua meupe, kisha anaianika kivulini. Watu wa ndani waliisaga, wakailoweka kwenye spiriti, wakaichuja, wakadondoshea maji yake kwenye visahani vyenye seli za saratani. Hayo yote aliyajua kwa kuuliza. Darasa hakuliona, wala mumewe. Ila mwenye koti jeupe hakupita pale bila kudakwa na swali. Walimwita Mama Kwa Nini.

"Kwa nini kivulini, si juani?"

"Kwa nini mzizi, si jani?"

"Mnajuaje kama seli imekufa, si kwamba imelala?"

Hilo la mwisho lilimchekesha sana mtafiti, binti mrefu mwenye miwani, hata akamwingiza ndani achungulie mwenyewe kwenye hadubini. Mama alirudi nyumbani akasahau kupika.

"Mzee, nimeziona! Zimeng'ang'ania kisahani kama kupe!"

Lakini mizizi yenyewe ilikuwa imewashinda. Ile ya kwanza kabisa, aliyoichimba na kuisuuza mtafiti kwa mkono wake, iliua seli vizuri. Iliyofuata, butu. Wakabadilisha spiriti, wakabadilisha mashine. Wapi! Hakuna aliyekwenda kutazama bombani.

Paja lilipoanza kumuuma mama asiweze kukaa, mzee alikwenda kumshikia kazi kwa siku chache. Na mzee kuosha kwake mmeshakuona. Aliimwagia mizizi maji, akaikung'uta udongo, akaianika na ganda lake la kahawia. Mkewe yeye angeisugua mpaka iwe myeupe kama meno.

Baadaye mtafiti akaja mbio bombani. "Nani ameosha mzigo ule?"

Mzee akajua ameharibu. Akaanza kutafuta pa kujificha, mtu mzima na mvi zake.

Kumbe ndio mzigo ulioua seli. Nguvu yote ilikuwa kwenye ganda, na mama alikuwa akiisugua na kuimwaga mtaroni, kwa usafi wake. Hakuna aliyemwambia asugue, wala aliyemwambia asisugue.

Alipoambiwa, alicheka mpaka akashika ubavu. "Uvivu wako umefanya kazi! Nakugombeza miaka yote, kumbe nawachelewesha wasomi."

Ndipo, asubuhi ile ya kikombe, paja likavunjika. Hospitali wakapiga picha, wakachukua kipande cha nyama wakakipima, wakasema ni saratani ya mfupa. Ile ile.

Kwa mzee jambo lilikuwa wazi. Mkono wake umeipata dawa, na mgonjwa ni mkewe. Akachimba mizizi, akaichemsha na ganda lake, akaipeleka wodini ndani ya chupa ya chai.

Mkewe akafungua, akanusa.

"Umechemsha kwa maji?"

"Kwa maji."

"Maji hayaitoi, mzee. Wenzio wanatumia spiriti."

"Basi nitaleta spiriti."

"Uniue kabisa!"

Hakunywa. Aliiweka kando mpaka mtafiti alipokuja kumjulia hali.

"Mwanangu, mwambie anywe," mzee akamsihi.

"Siwezi, baba. Kwenye kisahani hata sabuni inaua saratani. Ganda hili hatujui litalifanya nini ini lake. Ziko dawa za hospitali zilizoanza kwenye mimea, kweli. Lakini nyingi zaidi ziliishia kwenye kisahani."

Mzee akageukia ukuta. Mkewe hakugeuka.

"Hizo seli zenu mlizitoa kwa nani?"

"Kwa mgonjwa wa zamani, mama."

"Chukueni na zangu. Madaktari wakishakata huo mfupa, wekeni kwenye kisahani, mdondoshee. Nataka kujua."

"Unataka kujua!" mzee akafoka. "Mimi nataka upone!"

"Kwani mimi sitaki? Lakini nikinywa nikafa, nani atajua kama ni ugonjwa au ni chai yako? Kisahani kitasema."

Mzee akaichukua chupa, akaenda kuimwaga mwenyewe kwenye sinki.

Walipomkata mfupa, madaktari walikubali kutoa kipande. Majibu yalichukua muda, na ugonjwa haukungoja, ukapanda mapafuni. Siku mtafiti alipoyaleta, mama aliomba ainuliwe mto.

"Nyingi zimekufa, mama. Si zote. Na seli zisizo na saratani nazo zimeumia."

"Zilizobaki, kwa nini zimebaki?"

"Sijui."

"Haya. Anzeni hapo."

Binti akavua miwani, akaifuta, akaondoka. Mzee akabaki na kiti chake, machozi yanamshuka wala hayafuti. Mkewe akamtazama kitambo, kama alivyokuwa akitazama kikombe.

"Wale wanasubiri mizizi, mzee. Kesho kawaoshee. Na usiisugue."